Chai ya saa kumi: jinsi ya kuwaalika rafiki zako nyumbani, na wewe mwenyewe ukapata kuketi

Miaka kadhaa iliyopita niliwaalika rafiki zangu saba kwa chai ya jioni, nyumbani kwangu Tanga. Niliandaa vitafunwa aina tisa. Sambusa nilitaka ziliwe za moto, bajia nazo za moto, kwa hiyo nikawa nakaanga huku wageni wanakunywa. Kila nilipotaka kuketi, mtu akasifu kitu, nikarudi jikoni kuongeza. Nilipoepua karai la mwisho nikamkuta shoga yangu mmoja, aliyekuwa amesafiri kutoka Korogwe, yuko mlangoni anavaa viatu. Akanishika mkono. Akasema alikuwa na mazungumzo na mimi, lakini ameona nimezidiwa na kazi, basi siku nyingine. Wiki mbili baadaye nikasikia kwa mtu mwingine kwamba mama yake alikuwa amelazwa na hali haikuwa nzuri.

Tangu siku ile nimegeuza utaratibu. Ninachopanga kwanza ni kiti changu mimi: nitaketi saa ngapi, na nimalize nini mapema ili nisiinuke tena isipokuwa kwenda kumimina chai. Vitafunwa vinafuata baadaye, na vinapimwa kwa kipimo hicho. Chochote kinachonitaka jikoni baada ya saa kumi, sikipiki siku hiyo.

Mwongozo huu ni wa watu wanane, wewe ukiwa mmoja wao, katika nyumba ya kawaida yenye jiko la gesi la pleti mbili, na huna wa kukusaidia.

Siku, saa na mwaliko

Saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni ndio wakati wenyewe. Jua limeanza kupoa, watu wameshakula mchana, na hakuna anayetarajia wali. Wanaoswali wamekwisha swali Alasiri na wana nafasi mpaka adhana ya Magharibi, kwa hiyo shughuli inajifunga yenyewe bila mtu kufukuzwa. Ukiwaita saa saba umejitwika chakula cha mchana. Ukiwaita saa moja usiku, hicho ni chakula cha usiku, hata ukikiita chai.

Siku ichague kwa kuwafikiria watu wako. Jumatatu na Alhamisi kuna wanaofunga sunna, na wengi hawatakwambia; watakuja na kukaa mbele ya sahani wakisema wameshiba. Jumamosi kuna rafiki zetu Wasabato. Mimi nimetulia kwenye Jumapili, baada ya ibada na baada ya mapumziko ya mchana.

Mwaliko upeleke kwa mtu mmoja mmoja, kwa simu au kwa ujumbe wake peke yake, siku tano hadi saba kabla. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp lenye watu thelathini ambao huwaiti. Na useme wazi kwamba ni chai ya jioni, maana kwetu ukimwambia mtu “njoo tunywe chai” anaweza kufika saa mbili asubuhi akitegemea chapati na supu. Mimi huandika hivi:

“Shoga yangu, karibu nyumbani Jumapili saa kumi alasiri, tunywe chai na tupige soga mpaka Magharibi. Tutakuwa wanane tu. Hakuna mchango wala sare. Kama kuna kitu huli au hunywi, niambie mapema.”

Sentensi ya mchango na sare usiione ndogo. Tumezoea kicheni pati, arusi na vikao vya vikoba, kiasi kwamba mwanamke akialikwa huanza kuhesabu gharama kabla hajasema ndiyo. Mwondolee mzigo huo tangu mwanzo. Kama unaweza kupokea watoto, sema. Kama safari hii ni watu wazima tu, sema pia, kwa upole, ili mama mwenye mtoto mchanga ajue kwamba huyo anaruhusiwa daima.

Kisha atakuuliza, “Nije na nini?” Usijibu “njoo tu.” Atakuja na keki ya kilo mbili, na wewe umeshapika. Mtajie kitu kimoja kidogo: ndizi mbivu za kisukari, karanga za kukaanga, au ubuyu. Anayependa kutoa atoe, na wewe umepunguziwa.

Vitafunwa vitatu vinatosha

Aina tisa zilinifundisha kwamba mgeni hula vitu viwili, cha tatu anaonja, vingine anavisifu tu. Sasa naweka kimoja cha chumvi, kimoja kitamu cha laini, na kimoja kikavu cha kutafuna polepole huku watu wanazungumza. Pembeni matunda ya msimu. Basi.

Kikavu ni visheti. Kama huna mkono wa visheti, chukua vileja, au korosho za kukaanga. Hivi vinakaa siku kadhaa kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, kwa hiyo vipike Alhamisi au Ijumaa, au vinunue. Shira ya visheti ikauke kabisa kabla hujafunga kopo, la sivyo vinashikana vikawa bonge moja.

Cha chumvi ni katlesi. Nimechagua katlesi kwa sababu zinaliwa hata zikiwa vuguvugu, tofauti na bajia ambazo zikipoa hunywea na kulegea. Kwa watu wanane chukua viazi mviringo kilo 1 na nyama ya kusaga nusu kilo. Utapata kama kumi na sita, mbili kwa kila mtu. Viazi vichemshe na maganda yake, uvimenye vikiwa bado vya moto. Ukivimenya kwanza na kuvikata vinakunywa maji, halafu katlesi zinapasuka kwenye mafuta. Nyama ikaushe kwenye sufuria na kitunguu thomu, tangawizi, bizari ya pilau kidogo, pilipili manga na chumvi mpaka isibaki na mchuzi hata tone. Kamulia ndimu, changanya na viazi vilivyopondwa, tia kotimiri iliyokatwakatwa, ufanye maduara bapa. Yote haya ni kazi ya Jumamosi jioni. Zipange kwenye sinia, zifunike, zilale kwenye friji. Kesho yake kuna kazi moja tu: kuzichovya kwenye yai na kuzikaanga.

Kama huna friji, au Jumamosi una harusi ya watu, agiza sambusa kwa mama anayepika mtaani kwako. Mwambie siku moja kabla, umlipe, umwombe azilete saa tisa na nusu. Hakuna aibu katika hilo. Mkono wake unakaanga sambusa mia kwa siku. Wangu unakaanga thelathini kwa mwezi.

Mkate wa sinia

Kitamu cha laini ndicho ninachokipika kwa moyo wote, kwa hiyo nitakieleza vizuri. Wengine wanauita mkate wa kumimina. Ni mchele, tui na iliki, na ukiukata vizuri utaona ndani vijitundu vilivyosimama wima kama sega la nyuki.

Utahitaji mchele vikombe viwili, tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, iliki kama kumi, ute wa yai moja, na mafuta kidogo. Mchele uoshe uuloweke Jumamosi usiku. Asubuhi umwage maji, uuchuje mpaka ukauke, kisha uusage kwenye blenda na tui mpaka ukichukua kidogo kati ya vidole viwili na kusugua usisikie chenga hata moja. Hapa usiwe na haraka. Mkate wenye chenga unajulikana kwenye tonge la kwanza. Kama mtaa wenu umeme unakatika hovyo, saga mapema asubuhi umeme ukiwepo, usingoje saa sita.

Tia hamira, ute wa yai na iliki, saga tena kidogo, mimina kwenye bakuli kubwa na ufunike. Kwa joto letu la pwani saa moja huwa inatosha. Utaona povu juu na rojo imepanda. Sukari mimi huitia sasa, baada ya kuumuka, nikakoroga taratibu na kuacha dakika kumi.

Pasha sufuria nzito au sinia lenye kina kidogo, paka mafuta chini na pembeni, na rojo uimimine chombo kikiwa kimeshapata moto. Moto uwe mdogo. Baada ya dakika chache vitundu vinaanza kufunguka juu. Vikienea, ingiza kwenye oveni iliyokwisha pata joto la nyuzi 180 mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu. Huna oveni? Funika na mfuniko wa bati, weka makaa juu yake, na chini ubakize moto kidogo sana. Bibi yangu kule Pangani hakuwahi kumiliki oveni, na mkate wake ulikuwa umeiva sawasawa juu na chini. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, epua. Usiukate ukiwa wa moto. Saa sita mchana uwe mezani unapoa, na jikoni pameshafagiliwa.

Vyombo, viti na gesi

Hesabu vikombe leo, si Jumapili. Wanane wanataka vikombe kumi, maana kimoja kitadondoka na kimoja kitachanganywa na cha mwenzake. Havihitaji kufanana. Nina vikombe vya seti tatu tofauti na kila rafiki ana anachokipenda.

Chupa za chai ziwe mbili: moja ya maziwa, moja ya rangi. Zinuse kabla. Chupa iliyowahi kuwekwa kahawa inatoa harufu ya kahawa kwenye chai mwezi mzima. Ukikuta harufu, tia magadi ya kuokea vijiko viwili na maji ya moto, iache usiku kucha, isuuze asubuhi.

Mtungi wa gesi utingishe. Ukihisi mwepesi, ubadilishe Jumamosi, au uwe na jiko la mkaa na mkaa mkavu tayari. Gesi huisha katikati ya chai, sijui kwa nini, lakini kwangu imetokea mara mbili.

Viti usiviazime kwa jirani kama una mkeka mzuri na mito. Watu walioketi chini husogeleana na mazungumzo yanakuwa mamoja, lakini uliza kwanza kama kuna mwenye magoti mabovu au mjamzito, umwekee kiti chenye mgongo. Televisheni izime. Mahali penye upepo ni pazuri kuliko sebule yenye sofa. Kama una baraza, toka nje.

Jumapili saa nane na nusu anza kukaanga katlesi. Saa tisa na robo uwe umemaliza. Zipange kwenye sahani uzifunike kwa kawa. Nasisitiza kawa, lile la ukindu, kwa sababu linapumua. Ukifunika kwa bakuli la plastiki au karatasi ya alumini, mvuke unageuka maji na katlesi zinakuwa laini kama zimechemshwa. Kisha kaoge. Hili liweke kwenye ratiba kama lilivyo: saa tisa na robo, kuoga na kubadilisha nguo. Mwenyeji mwenye harufu ya kitunguu na kanga yenye mafuta hujificha jikoni hata kama hana kazi huko.

Chai yenyewe

Sasa tufike kwenye chai. Vitafunwa vyote vinaweza kununuliwa, lakini chai ipike mwenyewe.

Anza na majani. Majani mengi tunayonunua madukani ni yale ya chembechembe ndogo: kiwandani jani husagwa, huchanwa na kuviringishwa na mashine, ndiyo maana hutoa rangi na ukali kwa dakika chache. Sisi Tanga hatuna haja ya kwenda mbali, Usambara iko hapo juu, na chai imelimwa Amani tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kusini kuna ya Mufindi, Njombe na Rungwe. Wenzetu wa Kenya wana Kericho, na wana Limuru, ambako ndiko chai ilipandwa kwao mara ya kwanza mwaka 1903. Nunua pakiti ndogo uimalize. Majani hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Usiyaweke kabati moja na dagaa au sabuni.

Viungo kwa sufuria ya kwanza: tangawizi mbichi yenye ukubwa wa kidole gumba, iliki nane, kijiti kimoja cha mdalasini, pilipili manga punje tano, karafuu mbili au tatu tu. Karafuu zikizidi, chai inakuwa dawa ya jino. Iliki itwange na kijiko kimoja cha sukari kwenye kinu kidogo. Chembe za sukari husaidia kusaga mbegu, na maganda yatupie humohumo kwenye maji. Ukifungua iliki ukakuta mbegu nyeupe zilizokauka, haina kitu. Tafuta yenye mbegu nyeusi zinazonata.

Tangawizi ndiyo inayoharibu chai za watu wengi, kwa hiyo nisikilize hapa. Siku moja nilikuwa na haraka, nikamimina maji na maziwa pamoja, nikaponda tangawizi mbichi na kuitumbukiza yote ikiwa baridi, nikawasha moto. Ilipokaribia kuchemka, nikaona uso wa sufuria umeanza kuwa na vipande vidogo vyeupe kama mtindi uliovunjika, na chini yake maji ya rangi ya kahawia. Maziwa yamekatika. Nikamlaumu muuza maziwa kutwa nzima. Kumbe maziwa yalikuwa mazima. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Kusini mwa China wanakitumia kwa makusudi kupata maziwa mazito ya kula kwa kijiko. Dawa yake ni moto: ukichemsha tangawizi kwenye maji peke yake kwanza, nguvu hiyo hufa na ladha hubaki.

Kwa hiyo fanya hivi. Saa tisa na dakika arobaini weka maji lita 1 kwenye sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, maana maziwa yakifura yanataka nafasi. Tia viungo vyote, funika, chemsha dakika kumi. Wakati huo kwenye pleti ya pili pasha maziwa lita 1 mpaka yawe ya moto. Kama ni maziwa mabichi ya ng'ombe, yawe yameshachemshwa asubuhi. Tia majani vijiko vikubwa vitatu kwenye maji ya viungo, acha yatokote dakika mbili hadi tatu, si zaidi, kwa sababu baada ya hapo unaongeza uchungu tu. Mimina maziwa ya moto. Sasa simama hapo. Usiende kupokea simu. Yakipanda, punguza moto yashuke. Yakipanda tena, punguza tena. Mara ya tatu zima. Katikati ya kupanda na kushuka, chota kwa upawa, uinue juu, uimwage tena ndani ya sufuria, mara kumi hivi. Bibi alikuwa akifanya hivyo bila kuhesabu, akitazama rangi. Rangi aliyoitaka ni ya udongo wa njia ya shamba baada ya mvua, si nyeupe ya kitoto na si nyeusi.

Suuza chupa kwa maji yanayochemka, umwage, kisha uchuje chai ndani yake. Chupa isiposuuzwa kwa moto hupoza chai kabla haijanywewa. Sukari usitie. Weka bakuli la sukari na kijiko mezani, kila mtu ajipimie. Siku hizi karibu kila kundi la marafiki lina mtu mwenye kisukari, na anapokuta chai imeshatiwa sukari anakuwa na mambo mawili ya kuchagua: kunywa kitu kinachomdhuru au kujitangaza mbele ya watu. Usimfikishe hapo.

Sufuria hii inatoa vikombe tisa hivi, raundi ya kwanza. Raundi ya pili wengi hupenda nyepesi, kwa hiyo chupa ya pili iwe ya rangi: maji lita 1 na nusu, kijiti cha mdalasini, vipande vya tangawizi, kishada cha mchaichai, dakika kumi, kisha majani kijiko kimoja kikubwa na uchuje mara moja. Kama kuna asiyepata usingizi akinywa chai jioni, mtolee kikombe chake cha mchaichai kabla hujatia majani. Ndimu iliyokatwa iwe pembeni, kwa chai ya rangi pekee. Mtu akiikamulia kwenye ya maziwa, yatakatika kama ya tangawizi.

Wakifika

Watafika wawili saa kumi kamili, wanne saa kumi na robo, na mmoja saa kumi na moja. Usiwangoje wote. Wakifika watatu, mimina. Anayechelewa atakuta chai ya moto kwenye chupa na hatajisikia vibaya kwamba watu walimsubiri.

Mgeni akipiga hodi, mpokee mlangoni wewe mwenyewe, mpokonye alichobeba, umkaribishe kwanza maji ya kunywa. Kisha wanawishe. Ninajua kuna sinki, lakini kupita na birika la maji vuguvugu, bakuli na taulo safi begani, ukaanza na mkubwa wao kwa umri, kunafanya kitu ambacho sinki halifanyi: kila mtu unamwinamia, unamwangalia usoni, unamuuliza “Wa nyumbani hawajambo?” na anajibu kwa sauti ya chini jibu la kweli. Ningeifanya hivyo siku ile, ningeona macho ya yule shoga yangu.

Ondoa kawa, sema “Karibuni, msijivunge,” na wewe uwe wa kwanza kuchukua katlesi, ili wenye haya wafuate. Halafu keti. Chupa zote mbili, sukari, vikombe vya akiba na kitambaa cha kupangusia viwe pale ulipo, mkono unafika. Mtu akisema “ngoja nikusaidie jikoni,” mjibu kwamba jikoni hakuna kitu.

Mazungumzo hayahitaji kupangiwa. Kama watu hawajuani, wajulishe kwa jambo linalowaunganisha badala ya kazi zao: “Huyu ndiye aliyenifundisha kupanda mchicha kwenye ndoo, na wewe si umeanza bustani?” Na ukiona mtu mmoja amenyamaza sana, usimuulize mbele za watu. Baadaye mwombe akusindikize uani kuchuma mchaichai. Huko ataongea.

Wanapoaga

Karibu na saa kumi na mbili watu wataanza kuinuka. Vilivyobaki vigawe hapohapo, kila mtu aondoke na kipande cha mkate kwa watoto. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 mimi huweka akiba ya mifuko ya karatasi. Vipande vya majani ya mgomba vilivyopitishwa juu ya moto vinafunga mkate vizuri zaidi, na harufu yake inapendeza.

Wasindikize mpaka njiani, si mpaka mlangoni tu. Mwenye kutembea mbali mwitie bodaboda unayemfahamu. Yule uliyeona ana jambo, mbakize kidogo: “Wewe usiondoke, kuna chai kidogo imebaki.” Bakiza kweli, vikombe viwili, kwenye chupa ya maziwa.

Vyombo vitangoja. Mimina tu maji ya baridi kwenye sufuria ya maziwa, si ya moto, kwa sababu ya moto hugandisha ukoko chini, na chupa za chai ukishazisuuza uziache wazi usiku kucha zikiwa zimeinamishwa.